John Martin na Njaa ya Bahari

Walimu wa sayansi humu nchini huwasimulia wanafunzi wao habari za Newton, Darwin na Einstein, na ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, yupo Mmarekani mmoja ambaye jina lake ni nadra kusikika madarasani mwetu, ilhali miongoni mwa wataalamu wa bahari ni mashuhuri mno. Huyo ni John Martin, aliyeaga dunia mwaka 1993. Nimeamua kuyasimulia maisha yake kwa sababu yanagusa swali linalotukabili sote: je, bahari yaweza kutuondolea hewa chafu tunayoimwaga angani? Aidha, yanatufunza tofauti iliyopo baina ya wazo na ushahidi, somo ambalo kwa maoni yangu halifundishwi vya kutosha.

Martin alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Connecticut. Akiwa angali mwanafunzi wa chuo cha Colby, alishikwa na polio, ugonjwa uliomwacha na udhaifu wa miguu maishani mwake mwote. Mwingine angetafuta kazi ya kuketi afisini. Yeye aliichagua bahari, na kazi ya bahari hufanywa juu ya sitaha inayoyumba usiku na mchana. Alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rhode Island mwaka 1966, na baadaye akawa mkurugenzi wa maabara ya bahari ya Moss Landing, huko California. Hapo ndipo alipoifanya kazi iliyomjengea jina.

Ili tuielewe kazi hiyo, yatupasa kwanza tuwajue wenyeji wa maji ya juu ya bahari. Humo mnaishi vijimea visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo wataalamu huviita planktoni za mimea. Usidharau udogo wao, kwani vijimea hivyo hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Huvuta kaboni dioksidi, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Vinapokufa, au vinapoliwa na kinyesi cha walaji kuzama, sehemu ya kaboni ile hushuka hadi kilindini na kukaa huko kwa mamia ya miaka kabla ya kurudi hewani.

Sasa, palikuwapo kitendawili. Katika Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, katika Pasifiki ya kaskazini na katika sehemu ya Pasifiki iliyo kwenye ikweta, maji yamejaa naitreti na fosfeti, yaani mbolea ile ile ambayo mkulima huililia. Lakini vijimea ni haba. Ni kama shamba lililotiwa samadi na kunyeshewa mvua, kisha mahindi yakadumaa. Mnorwe Haaken Gran alikuwa amedokeza mnamo mwaka 1931 kwamba huenda kilichokosekana ni chuma. Hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo, na sababu yake ni rahisi: meli yenyewe ni chuma. Kutu, nyaya na vumbi la sitaha viliyachafua maji yaliyotekwa, hata vipimo vikaonyesha chuma tele mahali ambapo hapakuwa nacho.

Ubora wa Martin ulianzia hapa, katika usafi. Yeye na wenzake waliziosha chupa za plastiki kwa asidi, wakaepuka kamba na vyombo vya madini, na wakayapima maji katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Waligundua kwamba katika bahari ya mbali chuma hakifikii hata sehemu moja katika bilioni. Jambo hili lastaajabisha, kwa kuwa chuma ni miongoni mwa madini yaliyo mengi zaidi katika miamba ya dunia. Lakini ndani ya maji yenye oksijeni chuma hushika kutu na kuzama. Kwa hiyo bahari iliyo mbali na nchi kavu hungojea vumbi lipeperushwalo na upepo kutoka majangwani. Pasipo chuma, kijimea hakiwezi kutengeneza umbijani wake ipasavyo, wala kuitumia naitreti iliyokizunguka.

Mwaka 1988 Martin na mwenzake Steve Fitzwater walichapisha matokeo ya majaribio ya maji ya Pasifiki ya kaskazini. Chupa zilizotiwa chuma kidogo mno zilistawi vijimea. Zile ambazo hazikutiwa zilibaki nyuma. Mwaka 1990 akaenda mbali zaidi. Barafu ya kale ya Antaktika ilikuwa imeonyesha kwamba wakati wa enzi za barafu vumbi lilikuwa jingi, na kaboni dioksidi hewani ilishuka hadi sehemu 180 hivi katika milioni, ilhali katika vipindi vya joto ilifikia 280. Martin akatoa nadharia tete kwamba vumbi lile liliilisha bahari chuma, bahari ikastawi, na hewa ikapungukiwa na kaboni.

Alikuwa mtu wa mzaha. Katika mhadhara mmoja mwaka 1988 alisema kwamba akipewa nusu ya shehena ya meli ya chuma angeweza kuirejesha enzi ya barafu. Wasikilizaji walicheka, lakini mzaha ule ulienea kuliko hoja yenyewe. Wengine wakaona dawa ya ongezeko la joto duniani; wengine wakaona hatari. Wapinzani wake walisema kwamba chupa si bahari, na ukweli ni kwamba hawakukosea. Martin hakuwatukana. Alitaka wazo lake lipimwe baharini kwenyewe, mbele ya macho ya wote.

Mwaka 1989 tetemeko la ardhi liliibomoa maabara yake, na kazi ikaendelea penginepo. Kisha saratani ikamwandama. Alifariki Juni 1993, na mnamo Oktoba mwaka huo huo wenzake wakang'oa nanga. Karibu na visiwa vya Galapagos walimwaga takriban kilo 450 za chuma katika eneo la kilomita za mraba 64. Vijimea viliongezeka mara tatu hivi. Mwaka 1995 walirudi Pasifiki na kukitia chuma kwa awamu kadhaa, na safari hii ongezeko lilipita mara ishirini. Maji ya buluu yakageuka kijani. Martin alikuwa amesema kweli, ila hakuishi kuyaona.

Je, kaboni ile ilizama? Hapa ndipo wengi hupotoka. Jaribio la mwaka 2004 katika Bahari ya Kusini lilionyesha kwamba angalau nusu ya mavuno ilishuka zaidi ya mita 1,000. Lakini jaribio la Wajerumani na Wahindi mwaka 2009 katika Atlantiki ya kusini lilikuwa na hadithi nyingine: vijimea vingi viliishia matumboni mwa wanyama wadogo, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Isitoshe, chuma kinaeleza sehemu tu ya mabadiliko ya enzi za barafu.

Pamoja na hayo, mwaka 2012 takriban tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa baharini magharibi ya Kanada, nje ya utafiti wa kawaida, na malalamiko yakazuka ulimwenguni. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa Itifaki ya London zilipitisha marekebisho ya kudhibiti vitendo hivyo. Hata hapa Nairobi, Machi 2019, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Uswisi ilipendekeza mbinu za kuirekebisha tabianchi zichunguzwe. Maafikiano hayakupatikana na pendekezo likaondolewa.

Msimamo wangu ni huu. Utafiti uendelee, tena kwa usafi na uwazi ule ule wa Martin. Lakini mtu asitumie jina lake kama kibali cha kuendelea kuchoma makaa na mafuta. Bahari tayari inameza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa, nayo maji yake yanazidi kuwa na asidi. Kuimwagia chuma bila kujua nani atapungukiwa na samaki, au mbolea ya maji ya mbali itaishia wapi, ni kulipa deni kwa mali ya jirani. Nasi Waafrika, tuliochangia kidogo sana uchafuzi huu, tuna haki ya kusikilizwa kabla ya yeyote kuigusa bahari ya wote.

Nawasihi walimu wamtaje Martin pindi wafundishapo usanisinuru. Mwanafunzi ajue kwamba mtu huyu alianza kwa kuosha chupa, akathubutu kuwaza jambo kubwa, kisha akadai lipimwe. Atakayezifuata hatua hizo tatu kwa mpangilio huo hatatekwa na mzaha wala na mchuuzi.