Rumanika na Fuawe za Karagwe

Bila shaka umekwisha kumwona mhunzi akifanya kazi. Ikiwa unakaa Bungu, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, labda umewahi kusimama mlangoni pa kibanda cha mhunzi ukitazama cheche zikiruka. Panga analolifua hulilaza juu ya kipande kizito cha chuma, kiitwacho fuawe. Siku hizi wahunzi wengi hutumia kipande cha reli kuwa fuawe.

Sasa fikiri kidogo. Kabla ya kuja reli, fuawe ilitoka wapi? Ili kufua nyundo, mhunzi anahitaji fuawe na nyundo nyingine. Na hiyo nyingine ilifuliwa kwa nini? Ili kulijibu swali hili, twende magharibi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Karagwe ambayo leo imo katika Mkoa wa Kagera. Huko alitawala mkama mmoja aliyeitwa Rumanika.

Rumanika alikuwa mwana wa Ndagara, wa ukoo wa Wahinda. Baba yake alipofariki, katika miaka ya 1850, ndugu waligombea kiti. Ilisimuliwa kwamba ngoma ndogo ya ufalme iliwekwa mbele yao, na ni mrithi wa haki tu aliyeweza kuiinua. Rumanika aliiinua. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi, kwa maana nduguye Rogero alipigana naye, na Rumanika alihitaji msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Unyanyembe, ili kujiimarisha.

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwake. Walimkuta mtu mrefu, mpole, mwenye maswali mengi. Alitaka kujua kama jua linalochomoza leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Aliuliza pia kwa nini mwezi hubadili uso wake. Wengi hutazama jua maisha yao yote wasiulize hata mara moja.

Mwaka 1876 alifika Stanley, akaonyeshwa nyumba ya mviringo iliyohifadhi hazina ya ufalme. Mlikuwamo mikuki na sanamu za ndege na za ng'ombe zilizofanywa kwa madini. Katika hazina za Karagwe vimo pia vitu vya chuma vyenye umbo la fuawe, vingine vikiwa na pembe kama za ng'ombe. Kwa nini mkama aweke chombo cha mhunzi karibu na ngoma yake? Kwa sababu bila mhunzi hapakuwa na jembe la kulimia wala mkuki wa kulinda ng'ombe. Wageni waliandika sana juu ya mkama. Majina ya wahunzi hawakuyaandika, nao ndio waliokuwa na moshi machoni.

Kazi ya wahunzi hao ilianza kwenye tanuri la udongo. Mawe yenye chuma, yaitwayo mbale, huwa na chuma kilichoungana na oksijeni. Yalipangwa pamoja na makaa, na hewa ikapulizwa kwa mivukuto. Gesi iliyotoka katika makaa iliichukua ile oksijeni. Chuma huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Sentigredi, na humo tanurini kwa kawaida hakikuyeyuka. Taka ziliyeyuka na kutiririka, kikabaki bonge lenye vitundu vingi kama kitumbua.

Hapa ndipo penye jibu letu. Fuawe ya kwanza ilikuwa jiwe kubwa, na nyundo ya kwanza ilikuwa jiwe gumu la kushika kwa mikono. Bonge lilipigwa likiwa moto mpaka taka zilizobaki zikatoka na chuma kikashikamana. Kutokana na chuma hicho mhunzi alifua nyundo yake ya kwanza ya chuma. Ilifanana na kigingi kinene, upande mmoja bapa, upande wa pili umechongoka, wala haikuwa na mpini. Akiishika mkononi ilikuwa nyundo. Akiichomeka ncha yake katika gogo ilikuwa fuawe! Alipokuwa na mbili za namna hiyo, aliweza kufua koleo, patasi na vyombo vyake vingine vyote.

Katika nchi ya Bunyoro, kaskazini ya Karagwe, siku ya kufua nyundo mpya ilikuwa siku kubwa. Jamaa walikusanyika, na nyundo ikaingizwa nyumbani kwa heshima kama bibi arusi.

Je, kwa nini fuawe lazima iwe nzito? Jaribu mwenyewe. Laza msumari juu ya mchanga uupige kwa jiwe, ukiangalia vidole vyako. Msumari utazama tu. Kisha ulaze juu ya mwamba, uupige tena kwa nguvu zile zile. Sasa utaanza kuwa bapa. Mchanga hukimbia pigo, lakini mwamba hautikisiki, na nguvu ya pigo huishia katika msumari.

Rumanika alifariki mwaka 1878. Baada yake ufalme ulidhoofika kwa ugomvi wa urithi. Majembe ya kutoka Ulaya yalipoenea, matanuri ya kuyeyushia mbale yalizimika moja baada ya jingine. Wahunzi hawakuacha kazi. Waligeukia vyuma vikuukuu, kama springi za magari.

Utakapopita tena kibandani pa mhunzi wa Bungu, msalimu kwanza, ungoje apumzike. Kisha mwombe akuonyeshe kila chombo alichojitengenezea mwenyewe, na umwulize fuawe yake ilikuwa nini kabla ya kuwa fuawe. Andika majibu yake katika daftari, pamoja na jina lake.