Dakika ya Kwanza ya Virginia Apgar

Nenda ukaketi kwenye benchi la nje ya chumba cha kujifungulia katika hospitali yoyote kubwa, nawe utasikia mengi. Ndani yumo mama ambaye mimba yake haijatimiza hata wiki 36. Shinikizo la damu limempanda hadi daktari ameamua kwamba kuingoja siku yenyewe ni kuhatarisha roho mbili. Basi ametundikiwa dripu ya oksitosini ili aanzishiwe uchungu. Uchungu wa namna hiyo mara nyingi huja kwa kishindo, wala haumpi mja mzito nafasi ya kuuzoea polepole. Huku nje, jamaa wamegawanyika. Shangazi ashikilia kwamba mwanamke wa kweli huvumilia. Mume ataka mkewe apewe dawa yoyote itakayomtuliza. Nyanya anong'ona kwamba dawa hizo humfikia mtoto, na kwamba kiumbe ambacho hakijakomaa kitazaliwa kimelala na huenda kisiamke.

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini siku hiyo kila aliye benchini huwa mjuzi. Kwa maoni yangu, kati ya wote hao nyanya ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ijapokuwa hana ukweli wote.

Swali lake si geni. Mwaka 1847, mjini Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kuwanusisha wazazi klorofomu, akapingwa na waliodai kwamba uchungu wa kuzaa uliamriwa na Maandiko. Malkia Victoria alipoikubali dawa hiyo mwaka 1853, wakati wa kumzaa Leopold, kelele zilipungua. Huko Marekani, kufikia mwaka 1914, wanawake wenyewe walikuwa wakifanya kampeni wapewe mchanganyiko wa mofini na skopolamini, ambao uliwasahaulisha yote yaliyowapata. Walisahau kweli, ila baadhi ya watoto walizaliwa wamelegea na kuchelewa kuvuta pumzi. Waliotetea dawa walimtazama mama, waliozipinga wakasema wanamtazama mtoto, na hakuna upande uliokuwa na kipimo mkononi. Aliyekileta kipimo hicho alikuwa mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni, 1909, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey. Babake alifanya kazi katika kampuni ya bima, lakini nyumbani alikuwa mtu wa kuchungulia nyota na kuundaunda mitambo ya redio. Kaka yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu angali mdogo, na mwingine aliuguaugua utotoni. Si ajabu basi kwamba msichana huyo alihitimu shule ya sekondari akiwa ameshakata shauri kuwa daktari. Katika chuo cha Mount Holyoke alisomea elimu ya wanyama, na kwa kuwa pesa za nyumbani hazikutosha, alijilipia karo kwa vibarua, kikiwemo kibarua cha kuwakamata paka wa kutumiwa katika maabara. Wanafunzi wanaolalamikia kazi za likizo na wamkumbuke.

Alijiunga na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwezi Septemba mwaka 1929, wiki chache kabla ya soko la hisa kuporomoka. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao 90, na wanawake walikuwa 9. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa nne, na deni la karibu dola 4,000 shingoni. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, na mikono yake ilistahili. Hata hivyo, mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri aiache njia hiyo, kwa sababu wanawake wengine aliokuwa amewafunza hawakupata wagonjwa wa kuwawezesha kuishi, na nyakati zenyewe zilikuwa za dhiki. Akamwelekeza kwenye kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi, kazi ambayo wakati huo madaktari waliidharau.

Hapa ningependa kusita kidogo. Ushauri ule ulikuwa na dhuluma ndani yake, hata kama mshauri hakuwa na nia mbaya. Msichana aliyekuwa wa nne darasani alifungiwa mlango kwa kosa la wanunuzi wa huduma, si lake. Apgar hakupoteza muda kuugonga mlango uliofungwa. Alikwenda kwa wauguzi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa dawa za usingizi katika hospitali yake, akaketi miguuni pao kujifunza. Kisha mwaka 1937 alisafiri hadi Madison, jimbo la Wisconsin, kwa Ralph Waters, ambako ilimbidi kuhamahama kwa kuwa hapakuwa na malazi ya daktari mwanamke. Aliporudi New York alisoma tena kwa Ernest Rovenstine, na mwaka 1938 akakabidhiwa kitengo cha usingizi katika hospitali ya Presbyterian. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kitengo hapo.

Kwa miaka 11 alikijenga kitengo hicho kutoka karibu na sufuri. Kilipopandishwa hadhi na kuwa idara kamili mwaka 1949, uongozi alipewa mwanamume, Emanuel Papper. Apgar alipewa uprofesa, wa kwanza kwa mwanamke katika shule ile, na bila shaka ilikuwa heshima. Lakini msomaji na apime mwenyewe kama fidia ilitoshana na hasara. Ni baada ya hapo alipoelekeza nguvu zake katika wadi ya wazazi, mahali ambapo daktari wa usingizi alionekana kwa nadra.

Alichokikuta kilimkera. Mtoto akishatoka, macho yote yalimrudia mama. Mchanga alifunikwa, akawekwa kando, na aliyezaliwa mdogo au mwenye rangi ya samawati mara nyingi alihesabiwa kuwa hana bahati, akaachwa. Vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilikuwa vikipungua nchini Marekani, lakini vifo vya saa 24 za kwanza vilikataa kushuka.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya mwaka 1949, wakila kifungua kinywa katika mkahawa wa hospitali, mwanafunzi mmoja alimuuliza hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi hupimwaje. Apgar alichukua kipande cha karatasi kilichokuwa karibu, akaandika mambo matano, kisha akaondoka mbio kwenda kuyajaribu. Walimu wenzangu, hilo ndilo swali ambalo wengi wetu tungelijibu kwa kumwambia mwanafunzi asome kitabu.

Mambo yenyewe ni haya: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, jinsi mtoto anavyoshtuka akiguswa, na rangi ya mwili. Kila jambo hupewa sufuri, moja au mbili. Moyo usiosikika ni sufuri, unaopiga chini ya mara 100 kwa dakika ni moja, unaozidi 100 ni mbili. Mtoto aliyelegea kama kitambaa hupata sufuri, na anayerusha mikono na miguu hupata mbili. Jumla ni 10, na hesabu hufanywa dakika moja baada ya kuzaliwa. Baadaye ikaongezwa ile ya dakika ya tano. Apgar aliutangaza mpango huo mwaka 1952, ukachapishwa mwaka 1953. Aidha, alisisitiza kwamba anayetoa alama asiwe yule aliyemzalisha mama, kwa kuwa huyo moyo wake tayari uko upande wa mtoto. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mtihani wa mwanawe ataielewa busara hiyo bila kufafanuliwa.

Jambo la rangi lahitaji neno la ziada kwetu. Kipimo kilipoandikwa New York, weupe wenye wekundu ndio uliokuwa dalili ya afya. Mkunga wa Kisumu au Garissa hatazami mgongo wa mtoto. Hutazama ulimi, midomo, viganja na nyayo.

Thamani kubwa ya alama hizo, kwa maoni yangu, haikuwa kuwaokoa watoto moja kwa moja. Ilikuwa kuwalazimisha watu wazima kumtazama mtoto kwa sekunde 60, na anayemtazama mtoto asiyepumua hawezi tena kumweka kando. Thamani ya pili ndiyo inayolihusu swali la nyanya. Sasa dawa mbili zingeweza kulinganishwa kwa tarakimu. Apgar, pamoja na Duncan Holaday na Stanley James, walipima damu ya watoto wachanga na kuonyesha kwamba waliopata alama duni walikuwa wamepungukiwa oksijeni na damu yao imekuwa na asidi nyingi. Wakaonyesha pia kwamba watoto ambao mama zao walilazwa kwa gesi ya siklopropeni walizaliwa wakiwa dhaifu kuliko wale ambao mama zao walichomwa ganzi ya mgongoni.

Siklopropeni ndiyo iliyokuwa gesi aliyoipenda Apgar kuliko zote. Alikuwa ameitumia kwa miaka na kuwafunza wengine kuitumia. Takwimu zilipomkana, aliiacha katika uzazi, naye hakuficha kwamba aliiaga kwa majonzi. Ni wasomi wangapi tunaowajua ambao wangefanya hivyo, badala ya kutafuta kasoro katika takwimu?

Kwa hiyo nyanya wa benchini alisema kweli: dawa humfikia mtoto. Ila si dawa zote, wala si kwa kiasi kimoja. Pethidini, ambayo hudungwa sana katika hospitali zetu, hupita kwenye kondo na huweza kuipunguza kasi ya pumzi ya mchanga, hasa akizaliwa saa chache baada ya sindano. Na ambaye hajatimiza siku huathirika zaidi kwa kuwa mapafu na ubongo wake bado ni vichanga. Ganzi ya uti wa mgongo humgusa mtoto kwa kiasi kidogo mno, na ndiyo sababu mabingwa wengi huipendelea uchungu unapoanzishwa kabla ya wakati. Ubaya wake kwetu ni kwamba yahitaji mtaalamu na uangalizi wa karibu, na katika hospitali nyingi za umma haipatikani kwa urahisi. Mama huyo basi ana haki ya kuuliza ni dawa gani, kipimo gani, na saa ngapi kabla ya kujifungua. Kuambiwa avumilie tu hakujibu hata moja ya maswali hayo.

Haifai vilevile kuigeuza alama kuwa hukumu. Mtoto wa wiki 30 hupoteza alama za misuli na za kushtuka kwa sababu ya uchanga wake tu, hata kama hakudhurika. Wazazi waliosikia tarakimu nne wakadhani mtoto wao atakuwa mpumbavu maisha yake yote waliogopeshwa bure. Kipimo hakikuundwa kutabiri akili.

Mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 50, Apgar alijipatia shahada ya afya ya umma katika chuo cha Johns Hopkins, akaiacha wadi na kuingia katika shirika la March of Dimes, ambalo baada ya vita dhidi ya polio lilikuwa limegeukia kasoro za kuzaliwa. Alisafiri jimbo hadi jimbo akihutubia wazazi juu ya maradhi ambayo familia zilikuwa zikiyaficha kwa aibu, akahimiza chanjo ya rubela, na mwaka 1972 akatoa kitabu kwa ajili ya wazazi akishirikiana na mwandishi Joan Beck. Mapema miaka ya sitini, daktari Joseph Butterfield wa Denver alikuwa amezipanga herufi za jina lake ziwe kifupisho cha mambo yale matano kwa Kiingereza, hata baadhi ya wanafunzi wakashangaa kukutana na Apgar aliye hai, mwenye kusema upesi na kucheka sana. Kiswahili hakikubahatika kupata kifupisho kama hicho. Labda mwanafunzi mmoja atakitunga.

Mkobani alitembea na kisu kidogo na mpira wa kupitishia hewa kooni, endapo mtu angeishiwa na pumzi barabarani. Alipiga fidla tangu utotoni, na mgonjwa wake mmoja, Carleen Hutchins, alimfunza kuzichonga. Husimuliwa kwamba mwaka 1957 wawili hao walitamani ubao mzuri wa rafu katika kibanda cha simu cha hospitali, nao uongozi ukakataa kuuza. Usiku Hutchins aliingia na kuuondoa, akauweka mwingine mahali pake, huku profesa amesimama nje akilinda. Ubao ule ukawa mgongo wa fidla kubwa, ile iitwayo viola.

Apgar alifariki tarehe 7 Agosti, 1974, kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 65, katika hospitali ile ile alikonyimwa kisu cha upasuaji. Miaka 20 baadaye, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake, ya thamani ya senti 20.