Karo Iliyomtoa Mboya Shuleni
Kila niwaonapo wanafunzi wa Ekerenyo wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, humkumbuka Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Mzungu, babaye akiwa mnyapara. Mwaka 1947 ukata ulimtoa Mang'u, akasomea ukaguzi wa afya. Mkoloni alipobana nafasi za elimu ya juu, Mboya aliwaendea Wamarekani wenye uwezo. Mwaka 1959 wanafunzi 81 wakasafirishwa kwa ndege, na mwaka uliofuata wakfu wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Aliuawa Nairobi mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Yeye alibisha hodi ng'ambo. Sisi tuna Hazina yetu, na makampuni yavunayo faida ya chai yetu. Kwa nini basi mtoto wa mchumaji akose darasa?