Gandhi na Sahani ya Chakula Kibichi

Wengi wetu tunamjua hayati Mahatma Gandhi kama mtu aliyeitikisa dola ya Mwingereza bila ya kushika silaha. Wanafunzi waliopitia Chuo Kikuu cha Nairobi wanaikumbuka sanamu yake iliyosimamishwa pale mwaka wa 1956. Lakini leo, msomaji, naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya siasa, tuzungumze juu ya tumbo lake. Siku hizi watu wengi wanavutiwa na ulaji wa vyakula vibichi visivyopita motoni, nami sijapata kusoma habari za mwanafunzi wa ulaji huo aliyekuwa mkweli kumshinda yeye.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1869, katika mji wa Porbandar, magharibi ya Bara Hindi. Alipokwenda London mwaka wa 1888 kusomea sheria, alimwahidi mama yake, Bi. Putlibai, kwamba hatagusa nyama wala pombe. Ahadi hiyo ilimtia njaa kweli kweli. Alikuwa akitembea maili nyingi kwa siku akitafuta mahali pa kula, mpaka siku moja akakiona kihoteli cha wasiokula nyama katika barabara ya Farringdon. Hapo ndipo alipoingia katika chama cha watu hao, akawa mmoja wa wanakamati wake.

Rais wa chama hicho alikuwa tajiri mmoja, Arnold Hills, mwenye kiwanda cha kuundia meli. Wapenzi wa kandanda watafurahi kujua kwamba timu ya wafanyakazi wa kiwanda hicho ndiyo iliyokuja kuitwa West Ham United. Bwana Hills aliamini kwamba nafaka, matunda na kokwa zikiliwa mbichi humpa mtu nguvu za jua lenyewe, na kwamba moto wa jikoni huziua nguvu hizo. Kijana Gandhi aliyasikia hayo, akayaweka moyoni.

Mnamo Aprili, 1893, alipanda meli kwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya uwakili. Njiani meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache, naye akashuka kuutazama mji, na chupuchupu aachwe kwa sababu ya ukali wa maji ya bandari. Kisha akapita Mombasa na Unguja. Miezi michache baadaye, akiwa Pretoria, akaamua kuyajaribu mafundisho ya Hills katika mwili wake mwenyewe.

Ilikuwa Agosti, 1893. Usiku aliloweka ngano, njegere kavu na mchele. Asubuhi akala vijiko viwili vya ngano, kimoja cha njegere na kimoja cha mchele, pamoja na zabibu kavu, kokwa ndogo kama ishirini, machungwa mawili na kikombe cha kakao. Chakula hicho kilimchukua dakika 45 kukimaliza. Aliandika kila siku alichokula na jinsi alivyojisikia. Asubuhi alikuwa mchangamfu, jioni akawa mnyonge, na kichwa kikamgonga. Siku zilivyozidi, meno nayo yakaanza kumuuma. Haikutimu hata wiki tatu akairudia sahani yake ya zamani.

Mimi nilitaka kujua dakika hizo 45 zilitoka wapi, basi nikaloweka ngano usiku kucha nikaitafuna asubuhi. Taya zilichoka kabla ya tumbo kushiba. Nikafahamu kwamba mla vibichi anahitaji wakati mwingi na meno mazima, na yule aliye na daladala au matatu ya kuwahi alfajiri hana nafasi hiyo.

Jambo linalonipendeza ni alilolifanya baadaye. Hakunyamaza kwa aibu. Alituma habari zote kwa gazeti la wenzake huko London, nalo likazichapa mwaka wa 1894, akiyaeleza maumivu yake pamoja na kushindwa kwake. Wangapi kati ya wanaotusifia vyakula vya namna hii wangefanya hivyo?

Hata hivyo hakuyaacha mambo ya chakula. Katika shamba la Tolstoy, karibu na Johannesburg, aliacha maziwa mwaka wa 1912, akawa anakula matunda na kokwa. Baadaye akaweka nadhiri ya kutoyaonja tena. Mwaka wa 1918, akiwa amerudi kwao, alipatwa na tumbo la kuhara damu likamfikisha karibu na kifo. Mkewe, Bi. Kasturba, akamwambia kwamba nadhiri ile ilihusu maziwa ya ng'ombe na nyati, si ya mbuzi. Akakubali kuyanywa ya mbuzi, akapona, lakini dhamiri ilimchoma miaka yote iliyofuata.

Hiyo ndiyo sababu iliyomrudisha kwenye vyakula vibichi mwaka wa 1929, akiwa na umri wa miaka 59. Alitumaini kwamba safari hii ataepukana na maziwa kabisa. Posho yake ya siku ilikuwa ngano iliyoota kiasi cha gramu 93, lozi zilizosagwa za uzito uo huo, majani mabichi yaliyotwangwa ya uzito uo huo, malimau sita na asali kidogo. Wenzake kadhaa katika makazi yao ya Sabarmati wakamfuata. Lakini mnamo Agosti kuhara damu kukamrudia. Akaacha, akalirudia bakuli la maziwa ya mbuzi, na safari hii pia akautangazia umma katika gazeti lake.

Tarehe 12 Machi, 1930, miezi saba tu baadaye, alianza kutembea kwa miguu kwenda Dandi kuipinga kodi ya chumvi, mwendo wa kilomita 385 hivi kwa siku 24. Angeshikilia ukaidi juu ya sahani yake, je, angekuwa na miguu ya kuifanya safari ile?

Leo tunajua mengi ambayo yeye hakuyajua. Vitamini B12, ambayo damu na neva zinaihitaji, haimo katika mimea ya kawaida. Imo katika nyama, mayai na maziwa. Wataalamu waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948, mwaka ule ule ambao Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi, tarehe 30 Januari. Tunajua pia kwamba majani mabichi yasiposafishwa vizuri huweza kuleta vijidudu vya kuhara damu, na kwamba maharagwe mekundu na muhogo mchungu vina sumu ambayo haiondoki ila kwa kutayarishwa na kupikwa ipasavyo. Upande wa pili, ni kweli kwamba moto hupunguza vitamini C, na tunda bichi au kachumbari ni kitu cha afya. Gandhi mwenyewe, hata baada ya 1929, aliendelea kuwashauri watu wale majani mabichi kidogo pamoja na chakula chao.

Basi wewe unayetaka kuanza, anza kwa kidogo. Osha vizuri, ongeza tunda na mboga mbichi pembeni ya ugali wako, na uandike unavyojisikia kama alivyoandika yeye. Ukiwa mgonjwa, mjamzito au unamlea mtoto mchanga, mwone daktari kwanza. Na mwili ukikuambia basi, usione haya kuwasha jiko.