Stagg: Kocha aliyefukuzwa na uzee, akatawazwa bingwa wa makocha akiwa na miaka 81

MWAKA wa 1943, moto wa Vita Vikuu vya Pili ulipokuwa umepamba, vyuo vingi nchini Marekani vilivunja timu zao za kandanda. Vijana waliozoea kushangiliwa viwanjani walikuwa wamevalia magwanda na kutawanyika katika medani za vita.

Hata Stanford, chuo chenye jina kubwa katika jimbo la California, hakikuwa na timu mwaka huo. Lakini katika mji wa Stockton, jimbo hilo hilo, chuo kidogo cha College of the Pacific kiliinua vichwa vya watu. Kocha wake alikuwa mzee wa miaka 81.

Mzee huyo aliitwa Amos Alonzo Stagg.

Alizaliwa Agosti 16, 1862, West Orange, New Jersey, katika familia maskini ya fundi viatu. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Yale, nia yake ilikuwa kusomea theolojia ili awe mhubiri. Akiwa huko aling'ara katika besiboli kiasi kwamba timu za kulipwa zilimmezea mate, ila alizikataa.

Kandanda ya Wamarekani, mchezo wa mpira wa umbo la yai unaokaribiana na raga, ndiyo iliyomteka moyo. Mnamo 1889 alitajwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa taifa hilo. Hata hivyo, aliamini kwamba hakujaliwa ulimi wa kuhubiri. Akaamua uwanja ndio utakaokuwa mimbari yake.

Mnamo 1892, William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha Yale, alimwita katika Chuo Kikuu kipya cha Chicago. Stagg alikaa huko misimu 41. Alitwaa ubingwa wa ligi ya vyuo vya eneo hilo mara saba, na uwanja wa chuo ukapewa jina lake angali hai. Hakuvuta sigara wala kunywa pombe, na hakuvumilia matusi mazoezini.

Lakini kanuni za chuo hazikujua sifa hizo. Mnamo 1932, akiwa na umri wa miaka 70, alitakiwa kung'atuka. Angeweza kubaki kwa kupewa cheo cha heshima kisicho na kazi uwanjani. Alikikataa, akafunga virago na mkewe, Stella, wakaelekea magharibi.

Pacific, chuo kilichoasisiwa na Wamethodisti, hakikuwa na fedha wala wachezaji wa kutisha. Stagg alishindwa mara nyingi. Furaha mojawapo aliipata mwaka wa 1938, aliporejea Chicago na vijana wake na kuilaza timu yake ya zamani 32-0, katika uwanja uleule uliobeba jina lake. Mwaka uliofuata Chicago kilifuta kandanda.

Uwanja huo uliobaki kimya ulipata kazi nyingine. Mnamo Desemba 2, 1942, chini ya jukwaa lake, mwanasayansi Enrico Fermi na wenzake walifaulu kwa mara ya kwanza kuwasha na kudhibiti nguvu za nyuklia. Hatua hiyo ilifungua njia ya bomu la atomiki. Hivyo jina la mtu aliyetaka kuwa mhubiri likaambatana na silaha ya maangamizi.

Huko Stockton, Stagg alikuwa amemaliza msimu wa 1942 kwa ushindi mara mbili pekee. Kisha vita vilivyowapokonya wengine wachezaji vikamletea yeye.

Julai 1943, Jeshi la Wanamaji lilianzisha mpango wa V-12 wa kuwaandaa maafisa wake katika vyuo 131. Jeshi la nchi kavu liliwazuia wanafunzi wake kuchezea timu za vyuo, ila wanamaji waliwaruhusu wao. Pacific kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoteuliwa, na ghafla mzee akajikuta na wanamichezo waliowahi kuchezea vyuo vingine.

Pacific kiliishinda UCLA. Kikaishinda California. Timu ya wanamaji ya Del Monte, iliyomaliza msimu katika nafasi ya nane nchini, ilishindwa mara moja tu mwaka huo, na walioishinda ni vijana wa Stagg. Majabali wa Southern California waliponea kwa 6-0.

Pacific kilimaliza kwa ushindi mara saba na vichapo viwili, kikawa nambari 19 kitaifa. Makocha wenzake walimchagua Stagg kocha bora wa mwaka, miaka 11 baada ya Chicago kumhesabu kuwa mkongwe asiyefaa.

Hata hivyo, neema ya vita haidumu. Wanafunzi wa jeshi walikuwa wapitaji, wakihamishwa kila amri ilipotoka. Mwaka wa 1944 Pacific kilishindwa mara nane, na 1945 hakikushinda mechi hata moja. Kocha alikuwa yuleyule, na maarifa yaleyale. Waliobadilika ni vijana.

Baada ya msimu wa 1946 Pacific nacho kilimtaka apumzike. Akiwa na miaka 84, alikwenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe kufundisha timu ya Susquehanna. Aliacha shughuli hiyo mnamo 1952 kwa sababu ya afya ya mkewe, wakarudi Stockton. Huko aliendelea kuwafunza vijana wa chuo kingine kupiga mpira kwa mguu hadi 1960, alipostaafu kwa hiari yake akiwa na miaka 98.

Stagg aliaga dunia Machi 17, 1965, akiwa na umri wa miaka 102. Rekodi yake ya ushindi mara 314 ilidumu hadi 1981, ilipopitwa na Bear Bryant wa Alabama.

Uwanja wa Chicago ulibomolewa kitambo. Lakini tangu 1973, fainali ya daraja la tatu la vyuo vya Marekani, lenye vyuo vingi vidogo kama Pacific ya enzi zake, imekuwa ikiitwa kwa jina lake.