Kweli Pia Huhitaji Lugha
Kila nifundishapo lugha ya ushawishi, humkumbuka Ignaz Semmelweis, daktari Mhungari aliyezaliwa mwaka 1818. Katika hospitali kuu ya Vienna, akina mama waliozalishwa na madaktari walifariki kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Mwaka 1847 mwenzake, Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zizo hizo. Semmelweis akang'amua: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo, vilivyozidi 18 kwa kila wazazi 100 mwezi wa Aprili, vilishuka hadi takriban 2 mwezi wa Juni.

Walakini wakubwa walimpinga. Naye alichelewa kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, na barua zake kwa wapinzani zilijaa shutuma. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililoambukizwa.

Lawama kubwa ni ya waliokataa takwimu. Hata hivyo, walimu wenzangu, kweli iliyocheleweshwa hugharimu roho. Tuwafunze wanasayansi wetu kuandika mapema, tena kwa staha.