Giordano Bruno na Wingi wa Sayari

Barabara itokayo mjini Karatu hupanda mlimani mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, mtu aliye huko huona nyota nyingi mno. Tumekwisha kujifunza kwamba Dunia ni sayari, na kwamba yenyewe pamoja na sayari nyingine saba hulizunguka Jua. Je, nyota zile nazo zina sayari zake? Na kama zinazo, je, huko kuna viumbe hai? Zamani mtu mmoja aliyeitwa Giordano Bruno alijibu maswali hayo kwa ujasiri mkubwa.

Maisha yake

Bruno alizaliwa mwaka 1548 katika mji wa Nola, karibu na Napoli, nchini Italia. Baba yake alikuwa askari. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alijiunga na watawa mjini Napoli, na baadaye akawa padri. Alipenda sana kusoma, na alikuwa na kipawa cha kukumbuka mambo mengi. Lakini alisoma pia vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1576, alipojua kwamba atashtakiwa, alitoroka.

Tangu hapo aliishi ugenini kwa miaka mingi. Alifundisha Ufaransa, Uingereza na Ujerumani. Mara nyingi alikaribishwa kwa heshima, kisha akaondoka kwa ugomvi, kwa sababu alikuwa mkali wa maneno.

Wazo lake

Siku zile watu wengi waliamini kwamba Dunia imesimama katikati ya ulimwengu, na kwamba nyota zimebandikwa kwenye kuba kubwa linaloizunguka. Mwaka 1543 kilichapishwa kitabu cha Nicolaus Copernicus wa Poland, kilichoeleza kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua. Bruno alikubaliana naye, kisha akaenda mbele zaidi. Katika kitabu alichokitoa mjini London mwaka 1584, alieleza kwamba ulimwengu hauna mwisho, na kwamba nyota ni majua yaliyo mbali sana. Alisema majua hayo yanazungukwa na dunia nyingine, nazo zina viumbe hai. Alieleza pia kwa nini hatuzioni dunia hizo: ni ndogo sana zikilinganishwa na majua yake, nazo ziko mbali mno.

Hata hivyo, Bruno hakuwa na chombo cha kulipima wazo lake. Wakati ule hakuna aliyekuwa ametazama nyota kwa darubini. Alitumia fikira peke yake.

Kifo chake

Mwaka 1591 Bruno alirudi Italia, kwa mwaliko wa tajiri mmoja wa Venezia aliyetaka kufundishwa naye. Mwaka uliofuata mwenyeji huyo alimshtaki mbele ya mahakama ya Kanisa. Mwaka 1593 alipelekwa Roma, akakaa gerezani karibu miaka saba. Mengi ya mashtaka yake yalihusu mafundisho ya dini. Mojawapo lilihusu kufundisha kwamba kuna dunia nyingi. Alitakiwa ayakane mafundisho yake, naye akakataa. Tarehe 17 Februari, 1600, alichomwa moto akiwa hai katika uwanja wa Campo de' Fiori. Mwaka 1889 sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja huo huo.

Uthibitisho wapatikana

Mwaka 1609 Galileo Galilei alianza kutazama anga kwa darubini, akaona nyota nyingi zisizoonekana kwa macho matupu. Lakini sayari za nyota hizo ziliendelea kufichika kwa karne nyingi. Mwaka 1995 wataalamu wawili kutoka Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kwamba wamegundua sayari inayozunguka nyota inayofanana na Jua. Tangu hapo zaidi ya sayari 5,000 za nyota nyingine zimethibitishwa.

Nyingi kati ya hizo ziligunduliwa kwa njia hii. Nondo akipita mbele ya karabai, mwanga unaotufikia hupungua kidogo. Vivyo hivyo sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua. Sayari kubwa kama Mshtarii huziba sehemu moja tu katika mia ya mwanga wa nyota iliyo kama Jua. Upungufu huo ukirudi tena na tena baada ya muda ule ule, wataalamu hujua kwamba huenda kuna sayari, nao huendelea kuchunguza mpaka wahakikishe.

Je, kuna uhai huko?

Chini katika Kreta ya Ngorongoro kuna Ziwa Magadi. Maji yake ni makali kwa magadi, na viumbe wengi hawawezi kuishi humo. Lakini ukiyatazama kwa hadubini utaona viumbe wadogo mno wa kijani, ambao ni chakula cha ndege waitwao heroe. Ziwa hili latufundisha kwamba uhai huweza kustahimili mahali pagumu. Kwa hiyo wataalamu hutafuta dalili za uhai hata katika sayari zisizofanana sana na Dunia. Mpaka sasa hawajapata kiumbe hai hata kimoja nje ya Dunia.

Basi, wazo la Bruno lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, kwamba nyota zina sayari, ilithibitishwa karibu miaka 400 baada ya kifo chake. Sehemu ya pili, kwamba sayari hizo zina viumbe hai, bado haijathibitishwa. Katika sayansi, wazo halikubaliwi kwa sababu ya ujasiri wa mwenye kulisema, wala halikataliwi kwa kumwadhibu. Hupimwa.

Mambo ya kufanya

Mwezi Juni, saa tatu usiku, tazama kusini. Kushoto mwa Msalaba wa Kusini kuna nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alpha Centauri. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kutufikia: mwanga uuonao leo ulianza safari ulipokuwa darasa la kwanza.

Maswali

1. Bruno aliongeza nini katika mafundisho ya Copernicus?
2. Kwa nini ni vigumu kuziona sayari za nyota nyingine?
3. Eleza jinsi wataalamu wanavyogundua sayari kwa kupima mwanga wa nyota.
4. Ziwa Magadi linatufundisha nini kuhusu uhai?
5. Ni sehemu gani ya wazo la Bruno ambayo bado haijathibitishwa?